Mcheza Kwao na Mgeni wa Ruzuku

Aprili 1936, katika ukumbi wa Lafayette, Harlem, mtaa wa Weusi jijini New York, tamthilia ya Macbeth ilifunguliwa kwa mishahara ya serikali ya Marekani. Mwongozaji alikuwa Orson Welles, kijana wa miaka 20. Uskoti ya Shakespeare ilihamishiwa kisiwani Haiti, wachawi wakawa waganga wa vodu, na ngoma zikapigwa na kundi la Asadata Dafora, msanii kutoka Sierra Leone. Waigizaji walikuwa Weusi watupu, wengi wao watu ambao hawakuwahi kusimama jukwaani. Usiku wa ufunguzi umati ulifurika mpaka magari yakakwama barabarani. Ukumbi ulijaa kwa wiki 10, ndipo onyesho likahamia Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo za New York, na baadaye kusafiri katika miji mingine.

Mwaka 2004 Macbeth nyingine ilisafiri kwa fedha za umma. Safari hii ilitoka Alabama. Kampuni ya Alabama Shakespeare Festival ilizunguka kambi za jeshi kuwaonyesha wanajeshi na familia zao, Wizara ya Ulinzi ikichangia gharama kupitia Wakfu wa Taifa wa Sanaa, ule unaojulikana kwa kifupi kama NEA. Waigizaji walikuwa wenye taaluma, watu waliosomea kazi yao. Walifika, wakaigiza, wakafungasha mizigo, wakaondoka.

Macbeth ni moja na mlipaji ni mmoja. Tofauti ni kwamba ile ya Harlem ilitengenezwa na mtaa, na hii ya Alabama ililetewa walengwa wake kama mgeni anavyoletwa nyumbani. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Kwa zaidi ya miaka 20, ruzuku za Marekani za kupeleka fasihi, maigizo na jazi kwa wananchi zimekuwa hodari wa kumtunza mgeni na zimemwacha mcheza kwao akijitafutia. Haikutokea kwa bahati mbaya wala kwa ubaya wa roho. Ulikuwa mkataba wa kisiasa wenye akili, na mwaka 2025 ulivunjwa na upande mmoja.

Turudi nyuma kidogo. Macbeth ya Harlem ilizaliwa na Federal Theatre Project, mradi ulioanzishwa mwaka 1935, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, ukiongozwa na Hallie Flanagan. Lengo la kwanza halikuwa sanaa hata kidogo. Lengo lilikuwa kuwapa mishahara watu waliokosa kazi, na mishahara humfuata mtu alipo. Kwa hiyo mradi uliota mizizi popote palipokuwa na waigizaji wenye njaa. Tarehe 27 Oktoba 1936 tamthilia moja kuhusu udikteta kuingia Marekani ilifunguliwa usiku mmoja katika miji 18. New York ilikuwa nayo kwa Kiyidi pia, na Tampa kwa Kihispania. Sidhani kama kuna kamati ya Washington ambayo ingekaa mezani ikabuni kitu kama hicho. Kilitokea kwa sababu watu wa Tampa waliolipwa kuigiza walikuwa wazungumzaji wa Kihispania.

Ukali wake ndio uliouponza. Desemba 1938 Flanagan aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyokuwa ikisaka wakomunisti. Alipomtaja Marlowe, mbunge mmoja wa Alabama akataka kujua kama huyo Marlowe naye ni mkomunisti. Ikabidi aelezwe kwamba ni mtunzi wa tamthilia wa zama za Shakespeare, mtu aliyekufa tangu 1593. Ukumbi ulicheka, lakini mwenye kicheko cha mwisho alikuwa mbunge: Kongresi ilikata fedha, na tarehe 30 Juni 1939 mradi ukafungwa.

Wakfu wa Taifa wa Sanaa ulikuja miaka 26 baadaye, Rais Lyndon Johnson alipotia saini sheria yake tarehe 29 Septemba 1965. Bajeti yake ya mwaka wa kwanza haikufikisha dola milioni 3. Mwaka 1992 ulikuwa na karibu milioni 176. Katikati ya hapo lilitokea zogo la 1989 kuhusu picha za Robert Mapplethorpe na Andres Serrano, zilizoitwa chafu na za kukufuru, kisha kesi ya wasanii wanne wa jukwaani walionyimwa ruzuku mwaka 1990, kesi iliyopanda hadi Mahakama Kuu ya nchi na kuamuliwa 1998 kwa ushindi wa serikali. Kongresi haikusubiri hukumu. Mwaka 1996 bajeti ilikatwa hadi dola milioni 99.5, na ruzuku za moja kwa moja kwa msanii mmoja mmoja zikafutwa karibu zote. Zilisalia za waandishi, za mabingwa wa jazi na za wasanii wa jadi.

Hapo ningeomba msomaji asimame kidogo. Baada ya zogo lote lile, taifa lilibakiza imani ya kumkabidhi mtu mmoja fedha mkononi katika sehemu chache tu, na mbili kati yake ni fasihi na jazi. Wachoraji walipoteza, wapiga picha walipoteza, waigizaji wa peke yao walipoteza. Mwandishi na mpiga saksafoni walivuka. Nadhani sababu yake ni ya kawaida sana: riwaya huwezi kuipeperusha ndani ya Bunge kama picha, na mpiga saksafoni mwenye miaka 75 anayepokea heshima ya utumishi hawezi kumtisha mtu.

Aliyeelewa hesabu hiyo kuliko wote ni Dana Gioia. Huyu ni mshairi, lakini kabla ya kuwa mwenyekiti wa Wakfu mwaka 2003 alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika kampuni ya vyakula ya General Foods, akipanda hadi ngazi ya makamu wa rais. Alijua soko. Alijua pia kwamba Baraza la Wawakilishi lina viti 435, na kwamba mbunge hukata kwa urahisi fedha asizowahi kuziona kwao. Akaapa kila wilaya ya uchaguzi ipate angalau ruzuku moja. Kisha akaanzisha programu zenye majina ambayo hakuna mbunge angethubutu kuyapinga hadharani: Shakespeare katika jamii za Marekani mwaka 2003, mashindano ya kughani mashairi kwa wanafunzi wa sekondari, mtaala wa jazi mashuleni, na mwaka 2006 programu ya mji mzima kusoma kitabu kimoja, iliyoitwa The Big Read. Nani atasimama Bungeni kumpinga Shakespeare? Kizazi cha kamati ya 1938 kilikuwa kimeisha.

Mbinu ilifanya kazi. Bajeti ya Wakfu ilikuwa dola milioni 115.7 mwaka 2003. Ilifika milioni 155 mwaka 2009. Ambaye hajawahi kuongoza taasisi iliyokaribia kufutwa na asimcheke. Lakini bei yake ilikuwepo. Ukitaka kupendwa na wilaya 435 lazima uchague kitu kisichomuudhi mtu katika hata moja, na vitu vya namna hiyo kwa kawaida ni vya marehemu.

Tazama The Big Read ilivyokuwa ikifanya kazi. Maktaba ya mji, au chuo, au jumba la makumbusho, iliomba kupitia Arts Midwest, shirika la kanda lenye makao Minneapolis lililoendesha programu kwa niaba ya Wakfu. Kiasi kilikuwa kati ya dola 5,000 na 20,000, na kila dola ya serikali ilibidi ikutane na dola nyingine iliyotafutwa na mwombaji mwenyewe. Mji ulichagua kitabu kutoka orodha iliyoandaliwa juu. Majaribio ya 2006 yalikuwa na miji 10 na vitabu vinne, vyote vya zamani, na kimoja tu kati ya vinne kiliandikwa na mtu Mweusi. Baadaye orodha iliongezwa na kusogezwa kuelekea waandishi walio hai, jambo zuri. Kwa wiki kadhaa mji ulifanya mijadala, maonyesho, mihadhara na usomaji wa hadhara, na nakala ziligawiwa bure.

Nilipoanza kuisoma programu hii nilidhani siri yake ni kitabu. Sasa naona kitabu ni kisingizio. Kilicho cha thamani ni sharti la ushirikiano, kwamba mkutubi lazima apige hodi kwenye shule, redio ya mji, gereza, kituo cha wazee, kikundi cha maigizo, na kuwaomba wakae meza moja. Miji mingi midogo ina taasisi hizo zote, na hazijawahi kusalimiana. Ukiondoa kitabu ukabakiza meza, sehemu kubwa ya faida inabaki. Ukibakiza kitabu ukaondoa meza, unabaki na maboksi ya nakala za bure kwenye stoo.

Wazo lenyewe, tena, halikutoka Washington. Mwaka 1998 mkutubi Nancy Pearl na wenzake katika maktaba ya umma ya Seattle waliuliza ingekuwaje Seattle nzima ikisoma kitabu kimoja. Chicago ikafuata 2001. Seattle ilijichagulia kitabu. Wazo likapanda ngazi hadi mji mkuu, likavikwa suti, likarudi mitaani likiwa na fomu na orodha. Njia hii ya wazo kutoka chini, kwenda juu na kurudi chini likiwa na masharti ndiyo historia nzima ya ruzuku za sanaa Marekani, na kila mara linaporudi limepoteza kitu: haki ya wenyeji kuchagua.

Kuhusu mafanikio, takwimu zimetumiwa vibaya na pande zote. Ripoti ya Wakfu ya 2004 ilionyesha kwamba watu wazima waliosoma fasihi katika mwaka mmoja walishuka kutoka asilimia 56.9 mwaka 1982 hadi 46.7 mwaka 2002. Ndiyo ripoti iliyoizaa The Big Read. Mwaka 2008 idadi ilipanda hadi 50.2, na ripoti iliyofuata ilitoka na shangwe, programu ikapewa sehemu ya sifa. Kisha mambo yakageuka. Waliosoma riwaya au hadithi fupi, kipimo chembamba kidogo kuliko kile cha kwanza kwa kuwa hakihesabu ushairi na tamthilia, walikuwa asilimia 45.2 mwaka 2012, 41.8 mwaka 2017, na 37.6 mwaka 2022. Kama programu ilistahili pongezi za 2008, basi ibebe na aibu ya 2022. Ukweli ni kwamba haistahili chochote kati ya hivyo. Programu iliyokuwa ikitoa takribani dola milioni 1 kwa mwaka kwa taasisi zinazokaribia 60, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 330, haiwezi kusukuma takwimu ya taifa juu wala chini. Kuipima kwa kipimo hicho ni sawa na kupima kina cha bahari kwa kijiti cha kiberiti kisha kulaumu kijiti. Kipimo chake halali ni kidogo na cha karibu: je, mwaka mmoja baada ya fedha kuisha, ile meza bado inakaliwa? Hicho ndicho ambacho fomu za tathmini haziulizi, kwa sababu mradi una tarehe ya mwisho na ripoti ikishapokelewa jalada linafungwa.

Kati ya vile vitabu vinne vya 2006, kile cha mwandishi Mweusi kilikuwa riwaya ya Zora Neale Hurston iliyotoka 1937. Mwaka uliofuata baada ya kuichapisha, Hurston aliingia kwenye mradi mwingine wa serikali, ule wa waandishi, ndugu wa mradi wa Flanagan, akiwa Florida. Alikuwa tayari na vitabu vitatu, na bado aliajiriwa kama mtu wa kusaidiwa, cheo cha chini. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kukusanya nyimbo na ngano za watu wa Florida, watu wake. Alifariki Januari 1960 huko Fort Pierce akiwa fukara, akazikwa kaburi lisilo na jiwe, mpaka mwandishi Alice Walker alipoweka jiwe mwaka 1973. Serikali ilimlipa mara mbili, basi. Mara ya kwanza akiwa hai, kidogo, lakini kwa kazi mpya aliyoifanya kwao. Mara ya pili ililipia miji isome alichoandika, naye hayupo. Sisemi kusomwa ni jambo dogo. Ningependa kila mji duniani umsome. Ila ukiniuliza ni dola ipi iliyofanya kazi ngumu zaidi, nitakuonyesha ile ya 1938.

Maigizo nitayapitia haraka, maana hadithi yake ni ileile yenye mavazi. Programu ya Shakespeare imepita majimbo yote 50 na kuhusisha kampuni zaidi ya 100. Ubora wake ni sharti kwamba kampuni isiigize tu ikaondoka, bali ifanye na wanafunzi warsha. Na hatua bora kuliko zote ilikuja miaka ya karibuni, programu ilipoanza kufadhili pia kazi na watoto waliokinzana na sheria. Hapo mtoto mwenyewe ndiye anayeshika mistari. Hapo Harlem inarudi kwa mlango wa nyuma. Inapendeza kuona programu iliyobuniwa kuwa salama ikigundua, baada ya miaka 15 hivi, kwamba sehemu yake yenye uhai ni ile isiyo na jukwaa la kupendeza wala tiketi.

Jazi inahitaji muda zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoonyesha kasoro kwa mwanga mkali kuliko zote. Mwaka 1956 serikali ya Marekani ilimtuma mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie na bendi yake nje ya nchi, Iran, Pakistan, Uturuki, Yugoslavia, awe uso wa taifa katika vita baridi. Ruzuku ya kwanza ya Wakfu kwa jazi ilitoka 1969: dola 5,500 kwa mtunzi George Russell. Miaka 13, basi, jazi ilikuwa nzuri kiasi cha kupelekwa Abadan, mji wa Iran, kwa fedha za umma kabla haijawa nzuri kiasi cha kulipiwa nyumbani. Mwaka 1982 ikaanzishwa heshima ya Mabingwa wa Jazi, waliotangulia wakiwa Roy Eldridge, Gillespie mwenyewe, na Sun Ra. Mwaka 1987 Kongresi, kwa msukumo wa mbunge John Conyers, ikapitisha azimio la kuitangaza jazi hazina adimu ya taifa. Azimio halikuja na hata senti.

Heshima ya Mabingwa ni kitu kizuri na sitaikosoa kwa kuwepo kwake. Inatolewa kwa walio hai pekee, na kwa miaka mingi imekuja na dola 25,000, fedha ambazo kwa mwanamuziki wa miaka 80 asiye na pensheni ni nyingi kweli. Mwaka 2011 Wakfu wenyewe ulipendekeza kuifuta kwa umbo lake, Kongresi ikakataa. Lakini tazama kilichojengwa kuizunguka. Mabingwa wakapelekwa ziara kwenye miji. Mtaala wa masomo matano ukaandaliwa mwaka 2006 pamoja na Jazz at Lincoln Center, taasisi ya jazi ya New York, ukagawiwa bure kwa walimu. Ziara na mtaala vinashughulikia jazi kama urithi, kitu cha kufahamishwa. Jazi haijifunzwi hivyo. Inajifunzwa kwa kijana kukaa Jumatatu usiku nyuma ya mtu mkubwa kwenye bendi ya ukumbi mdogo, kukosea mbele za watu, na kurudi Jumatatu inayofuata. Kinachohitajika ni ukumbi ambao Jumatatu ijayo bado utakuwa wazi.

Takwimu za Wakfu zenyewe zinasema. Watu wazima waliohudhuria onyesho la jazi walishuka kutoka asilimia 10.8 mwaka 2002 hadi 7.8 mwaka 2008, katikati kabisa ya miaka ya ziara na mitaala. Umri wa kati wa hadhira ya jazi ulikuwa miaka 29 mwaka 1982. Mwaka 2008 ulikuwa 46. Ziara ilileta magwiji kwa watu waliokuwa tayari wanawapenda, na watu hao wakazeeka pamoja nao. Kwa kawaida klabu haipati ruzuku hizi kwa sababu ni biashara. Kisheria ni sahihi. Kimuziki ni kama kufadhili samaki na kukataa maji.

Haya yote yangeweza kuvumilika kama mkataba ungeheshimiwa. Wakfu ulikubali kuwa mpole, ukachagua marehemu na wazee, ukasambaa wilaya zote 435, na kwa malipo hayo ukaachwa uishi. Mwaka 2025 bajeti yake ilikuwa dola milioni 207, takribani senti 62 kwa kila Mmarekani. Februari mwaka huo ikafutwa Challenge America, programu ya ruzuku za dola 10,000 kwa vikundi vidogo vinavyohudumia watu wasiofikiwa. Machi ikatoka amri ya rais ya kuipunguza hadi mifupa taasisi ya serikali inayosimamia maktaba na makumbusho, iliyokuwa mshirika wa The Big Read tangu mwanzo. Tarehe 2 Mei Ikulu ikapendekeza Wakfu ufutwe kabisa, na jioni ya siku hiyohiyo barua pepe zikaanza kumiminika kwa mamia ya wenye ruzuku, kwamba miradi yao haiendani tena na vipaumbele. Portland Playhouse, ukumbi wa maigizo huko Oregon, ulipata habari ya dola zake 25,000 siku moja kabla ya kufungua tamthilia ya August Wilson, mtunzi Mweusi wa Marekani. Agosti zikafutwa hata zile ruzuku za waandishi za 2026, zilizokuwa zimesalimika kwenye shoka la 1996.

Ndiyo maana naona hoja ya usalama imekufa. Upole haukununua kinga. Ukisoma nani aliondolewa, huoni waasi wanaochoma bendera. Unaona majarida ya ushairi, kumbi za viti mia, na wakutubi. Kama adhabu ya kuthubutu na adhabu ya kutii ni moja, wasanii wa Marekani wangepata hasara gani kama miaka 20 iliyopita fedha zingepewa Harlem badala ya lori la ziara?

Wapo watakaosema jibu ni kuzipeleka fedha majimboni. Sheria tayari inatoa asilimia 40 ya fedha za ruzuku za Wakfu kwa mashirika ya majimbo na kanda, na sehemu hiyo imekuwa na uvumilivu kuliko nyingine. Lakini jimbo nalo lina mwenye kalamu. Juni 2024 gavana wa Florida, jimbo la Hurston, alifuta kwa kalamu moja dola milioni 32 za ruzuku za sanaa za jimbo zima. Kusogeza kalamu kutoka Washington hadi Tallahassee, mji mkuu wa Florida, hakuifanyi iwe na wino mwingine.

Mifano inayonivutia ni ile ambayo mlipaji ni mpiga kura mwenyewe, kwa kodi iliyotajwa jina. Eneo la Denver lilipiga kura mwaka 1988 kujitoza senti moja kwa kila dola 10 za manunuzi, kwa ajili ya sayansi na utamaduni katika kaunti ambazo sasa ni saba, na likairudisha kodi hiyo kwa kura tena na tena, mara ya karibuni 2016. Haina usawa kamili: sehemu kubwa huchukuliwa na taasisi tano kubwa kama bustani ya wanyama na jumba la sanaa. Lakini fungu la vikundi vidogo hugawiwa na mabaraza ya kaunti, watu wanaoweza kukutana na mwombaji sokoni. Minnesota ilifanya kubwa zaidi. Novemba 2008, uchumi ukiporomoka kila upande, wapiga kura waliandika katika katiba ya jimbo nyongeza ya kodi ya mauzo ya theluthi-na-kidogo ya asilimia moja kwa miaka 25, na asilimia 19.75 ya mapato yake ni ya sanaa na urithi. Gavana hawezi kuifuta kwa hasira za siku moja. Na kwa kuwa sehemu yake hupitia mabaraza 11 ya sanaa ya kanda, mpiga piano wa mji mdogo haombi tu fedha za mgeni kuja kumpigia. Anaweza kuomba za kwake.

Mwishoni mwa Aprili 2025, siku chache kabla ya zile barua pepe, Mabingwa wapya wa Jazi walisherehekewa Washington. Mmoja wao alikuwa Marshall Allen, mpiga saksafoni wa bendi ya Sun Ra, yuleyule Sun Ra wa orodha ya kwanza ya 1982, aliyezaliwa Alabama na kushikilia maisha yake yote kwamba ametoka sayari ya Zohali. Allen aliingia kwenye bendi hiyo mwaka 1958, na ameiongoza tangu 1995. Alipotajwa kuwa bingwa alikuwa ametimiza miaka 100. Tangu 1968 makao ya bendi ni nyumba ya kawaida ya kupangana ukuta kwa ukuta na majirani, mtaa wa Germantown, Philadelphia. Wanamuziki wamelala humo, wamepika humo, wamefanya mazoezi humo kwa zaidi ya nusu karne, vijana wakiingia kwa mlango uleule walioingilia wazee. Fomu ya ruzuku ya mradi huuliza tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika, na kwa nyumba ile sijui mtu angejaza nini.